Kumkumbuka Mama kwa Neno Lake: Juu ya Utanzu Mmoja wa Mvita Usioandikwa

Utangulizi

Makala haya yanahusu namna mama anavyokumbukwa, baada ya kufa kwake, katika fasihi ya Waswahili wa Mvita. Kwa kuwa jambo lenyewe linamgusa mwandishi, ni haki ya msomaji kuambiwa mapema kwamba uhakiki huu haukuanzia maktabani. Ulianzia nyumbani, mtaa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, siku ya tatu baada ya kumzika mamangu. Nilikuwa nimemtungia shairi la beti kumi na mbili, vina na mizani vikiwa vimetimia. Nikampa dada yangu awasomee wanawake waliokaa matanga ghorofani, maana mahali pangu mimi palikuwa barazani pamoja na wanaume wenzangu. Walipokwisha kulisikiliza waliniombea dua na kunishukuru. Lakini shoga wa mamangu, aliyesuhubiana naye tangu walipokuwa wasichana wa chuoni, alimtuma dada yangu na jawabu hili: "Mwambie shairi lake zuri, lakini huyo alomtaja mimi simjui."

(Neno "shoga" nalitumia hapa kwa maana yake ya asili huku pwani, yaani mwanamke aliye rafiki wa mwanamke mwenziwe.)

Nimesomesha ushairi wa Kiswahili miaka mingi, nami sijapata kukutana na uhakiki mfupi na mzito kama huo. Mwanzo uliniudhi. Baadaye nilirudi kulitazama shairi langu kwa jicho lile ninalowatazamia watunzi wengine, nikaona kwamba mwanamke yule amesema kweli. Nilikuwa nimetaja upole, subira, ucha Mungu na ukarimu. Ukiliondoa jina la mamangu katika ubeti wa mwisho ukatia la mama mwingine yeyote wa Mvita, shairi halitatikisika hata mizani moja. Shairi linalomfaa kila marehemu halimkumbuki hata mmoja.

Maswali mawili ndiyo yaliyozaa makala haya. La kwanza: kwa nini shairi lililotimia kifani lishindwe kumwonyesha mtu? La pili: mwanamke yule, ambaye hakusoma nadharia yoyote ya fasihi, alilipima shairi langu kwa kipimo gani? Hoja ninayotaka kuieleza ni kwamba kipimo kipo, tena ni cha kale. Katika desturi ya Mvita mama hakumbukwi kwa kusifiwa. Hukumbukwa kwa kunukuliwa. Utanzu wa kumnukuu una kanuni zake na mafundi wake, na mafundi hao ni wanawake. Sisi wahakiki ndio tuliochelewa kuujua.

Istilahi na mielekeo yake

Kiswahili hakina upungufu wa maneno juu ya kifo. Tanzia ni habari ya kufa kwa mtu. Taazia ni maneno ya kuwapa pole wafiwa. Mbolezi ni wimbo wa kuomboleza. Marsia ni shairi la kumlilia marehemu. Taabini ni hotuba ya kumtaja kwa mema. Wasia ni maneno ambayo mwenye kuondoka huwaachia wanaobaki. Tukiyatazama maneno haya kwa makini tutaona kwamba matano ya kwanza hutoka kwa walio hai. La sita pekee hutoka kwa marehemu mwenyewe. Tofauti hii ya mwelekeo ni muhimu kwa hoja yetu, nayo tutairudia.

Tuianze tanzia. Kwa miongo mingi katika redio, na hata sasa katika vipaza sauti vya misikiti, mwanamke aliyekufa hutangazwa kwa nasaba: ni binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa fulani na fulani. Hili si kosa. Kazi ya tanzia ni kuwaita watu wanaopaswa kuja, na watu huja kwa njia ya nasaba. Lakini msikilizaji akiisha kuisikia tanzia atakuwa amewajua jamaa wote wa marehemu, naye marehemu hajamjua.

Mbolezi nayo, ambayo ina nguvu sana katika jamii nyingine za Kenya, haikupata nafasi kubwa katika matanga ya Waislamu wa mji huu. Sababu yake ni bayana. Machozi yanaruhusiwa, kupiga mayowe, kujipiga kifua na kurarua nguo kumekatazwa na dini. Wanazuoni wa Mvita wamekuwa wakibishana juu ya hitima na gharama za matanga kwa miaka mingi, lakini juu ya mayowe hawakubishana. Basi majonzi yaliponyimwa njia ya sauti kuu yalitafuta njia ya mazungumzo. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, utanzu tunaouzungumzia ulipopatia nguvu.

Marsia na watu wa hadhara

Mji wenyewe wa Mombasa una mama yake. Mapokeo yanasema kwamba kabla ya Shehe Mvita mji ulitawaliwa na mwanamke, Mwana Mkisi. Shehe Mvita jina lake limekuwa jina la mji na la lahaja yake. Mwana Mkisi amebakiwa na jina tu, wala hatuna neno lake hata moja. Sisemi kwamba mfano huu unathibitisha kitu. Nautaja kwa sababu unafanana mno na hali ya maandishi yetu.

Nyingi katika tungo za maombolezo nilizozisoma zinawalilia wanaume wa hadhara: wanazuoni, watawala na viongozi. Hata Al-Inkishafi, utungo mkuu wa majonzi katika lugha yetu, hulilia mji wa Pate na matajiri wake. Wanawake hawakukosekana kabisa. Shaaban Robert alimwombolezea mkewe, Amina, na shairi hilo limesomwa na vizazi vya wanafunzi. Tena ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1958, miaka minane baada ya kufa kwa mwimbaji huyo mashuhuri wa Unguja. Hapa Mombasa, Latifa Chiraghdin alitoa mwaka 2012 kitabu cha maisha ya babake, Shihabuddin Chiraghdin (1934–1976), mwalimu na mtaalamu ambaye kazi yake na Mathias Mnyampala, Historia ya Kiswahili, ilichapishwa mwaka 1977 akiwa amekwisha kufariki.

Mifano hii ina heshima yake, wala siitaji ili kuipunguza. Lakini tuitazame. Amina analiliwa kama mke. Siti anakumbukwa kama sauti iliyosikiwa na watu wengi. Chiraghdin anakumbukwa na bintiye kama baba, naam, lakini pia kama mtu aliyeacha vitabu na wanafunzi. Mama wa nyumbani, ambaye hakuimba hadharani wala hakuandika kitabu, ambaye kazi yake ilikuwa ni kulea, kupika na kuishi na majirani, amekumbukwa wapi?

Mtu anaweza kujibu kwamba mama wa namna hiyo hana la kuhifadhiwa. Jawabu hili linapingwa na historia ya fasihi ya Mvita yenyewe. Tungo za Muyaka bin Haji (takriban 1776–1840) zilikaa vifuani mwa watu wa mji huu nusu karne kabla ya W. E. Taylor kuzikusanya, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Diwani iliyohaririwa na William Hichens haikutoka mpaka mwaka 1940. Mji ulioweza kulihifadhi neno la Muyaka muda wote huo bila ya kitabu haushindwi kulihifadhi neno la mama. Tatizo si kumbukumbu. Tatizo ni kwamba Taylor na Mwalimu Sikujua walipokwenda kukusanya walijua wanatafuta nini, na sisi hatujajua.

Mwana Kupona: mama asemaye

Upo, hata hivyo, utungo mmoja mkuu ambao mama ndiye kiini chake na kifo ndicho kisa chake. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1275 wa Hijria, yaani takriban 1858. Mtunzi, Mwana Kupona binti Msham, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyefariki mwaka 1856. Alimtungia bintiye, Mwana Hashima, naye mwenyewe akafariki yapata miaka miwili baadaye. Werner na Hichens waliuchapisha mwaka 1934, na J. W. T. Allen akautia katika Tendi mwaka 1971.

Utendi huu umehakikiwa mara nyingi, na aghalabu mjadala umekuwa juu ya mume: je, mtunzi anamfundisha bintiye utiifu, au anamfundisha hekima ya kuishi na mwenye nguvu? Ann Biersteker aliufikiria upya mwaka 1991 kwa upande wa lugha na mamlaka, na tangu hapo hakuna mhakiki makini anayeweza kuusoma kama orodha ya amri tu. Mimi nataka kuutazama kwa upande mwingine: kama ukumbusho.

Kwanza tuangalie mwelekeo wake. Huu ni wasia. Anayesema ni mwenye kuondoka, na anayesikiliza ni mwenye kubaki. Hatuna utendi wa Mwana Hashima wa kumlilia mamake, na pengine hakuuhitaji. Mamake alikwisha kumpa umbo la kumkumbukia.

Pili tuangalie mambo madogo. Mtunzi hauanzi wasia kwa sifa zake mwenyewe. Anaanza kwa kusema kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima asipate kumwambia bintiye neno la maana. Kisha anamwita aje karibu, akae, alete wino na karatasi. Katika beti chache tunauona ukumbi wa mgonjwa, umbali uliopo kati ya kitanda na binti, na kalamu. Halafu anaufananisha wasia na hirizi ya kufungwa kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani cha kuvaliwa shingoni. Mfano huu si pambo tupu. Unaeleza jinsi neno la mama linavyotumika: halisomwi mara moja likawekwa, huvaliwa. Anayelivaa huonekana nalo mbele za watu, na watu wakaulizana limetoka kwa nani.

Tatu, Mwana Kupona anapotaka kueleza radhi tano zinazomwokoa mtu, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na kwa mwanamke ya mumewe, haishii katika kanuni. Analeta maisha yake: jinsi alivyoishi na mumewe kwa furaha na kicheko, bila ya kuvunjiana heshima, mpaka mume akafa naye yu radhi naye. Siyu ya wakati huo ilikuwa imepigana na jeshi la Unguja, na mume wa mtunzi ndiye aliyekuwa kiongozi. Vita hivyo havimo. Kicheko kimo. Mtunzi alichagua kukumbukwa, na kumkumbuka mumewe, kwa jambo ambalo wana historia wasingaliliandika.

Nne, karibu na mwisho mtunzi anageuka kutoka kwa binti mmoja akawaita wanawake wote waje wasome. Wasia wa mama kwa mwanawe unakuwa mali ya hadhara, lakini hadhara ya wanawake. Nadhani hapo ndipo tunapoona mlango wa kuingilia ghorofani Kibokoni.

Kanuni za ghorofani

Nyumba ya kale ya Mji wa Kale huwagawa watu bila ya kuwaambia neno. Wanaume hukaa barazani na msikitini; wanawake hukaa ndani na juu. Siku ya maziko sisi wanaume tulimbeba mamangu, tukapokezana jeneza begani mpaka makaburi ya Kikowani, tukamzika, tukarudi barazani. Siku tatu zile barazani tulizungumza habari nyingi: bei ya vitu, safari za watu, siasa. Mamangu hatukumzungumza. Kumtaja mwanamke wa mtu mbele za wanaume si adabu, hata akiwa marehemu, hata mtajaji akiwa mwanawe. Hivyo basi mimi niliyembeba sikumsikia akikumbukwa, nao waliomkumbuka hawakumbeba.

Yaliyosemwa juu niliyapata kwa dada yangu kwanza. Baada ya arubaini nilimwendea shoga yule mwenyewe, jioni kadhaa, nikamwomba anifundishe. Kwa maelezo ya wawili hao naweza kutaja kanuni nne.

Kanuni ya kwanza ni ushahidi. Kila asemaye huanza kwa kutaja alikuwa wapi, lini na nani. "Siku ile ya mvua tulipokuwa uani kwao." "Mimi kanambia kwa mdomo wake." Yeyote aliyepitia chuoni ataitambua hapa athari ya elimu ya hadithi: habari isiyo na isnadi haisimami. Sifa isiyo na mahali wala wakati haihesabiwi kuwa ukumbusho, na ndiyo sababu ya kwanza ya shairi langu kuanguka.

Kanuni ya pili ni kunukuu. Kilele cha kila masimulizi si tendo la marehemu bali ni neno lake, nalo hutamkwa kama alivyolitamka, kwa lahaja na lafudhi yake. Wasikilizaji wana haki ya kusahihisha. Mmoja atasema, "La, hakusema hivyo," atatoa maneno mengine, nao watakubaliana. Huu ni uhariri wa pamoja, na ni mkali kuliko wa majarida yetu.

Kanuni ya tatu ni kupokezana. Hakuna mwenye kumsema marehemu peke yake. Binti humsema kama mama. Jirani humsema kama jirani. Shoga humsema tangu kabla hajawa mama wa mtu. Cheo cha shoga katika utanzu huu ni kikubwa. Watoto hudhani kwamba mama alianza kuwako walipozaliwa wao. Shoga ndiye shahidi wa kwamba marehemu aliwahi kuwa msichana, aliwahi kuogopa, aliwahi kucheka kwa mambo yasiyohusu watoto. Mama aliyekuwa pia rafiki hawezi kukumbukwa na wanawe peke yao.

Kanuni ya nne ni sitara, ambayo nitaieleza mbele.

Nitatoa mfano mmoja. Mamangu alikuwa akiamka alfajiri kukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi za kuuza, na watoto wa mtaa walikuwa wakitumwa kwake na vyombo. Wasiokuwa na pesa aliwaandika. Alikuwa na daftari la shule, nalo aliliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu alizojifunza chuoni, maana hati za Kizungu hakufundishwa. Mimi katika shairi langu nilisema kwamba alikuwa karimu. Shoga wake hakulitumia neno hilo hata mara moja. Alisema kwamba kila mwisho wa Shaabani walikuwa wakikaa wawili jikoni, mamangu akayasoma majina moja moja na kuyapiga mstari ya wale aliojua kwamba hawataweza kulipa. Mwaka mmoja shoga alimkemea, akamwambia atafilisika. Akajibu: "Mimi siwezi kufunga na ndaa ya mtu daftarini." Kisha akacheka, akaendelea kupiga mistari.

Dada yangu aliponisimulia mara ya kwanza niliandika "njaa". Alipoyaona maandishi yangu alinisahihisha: "Hakusema njaa. Alisema ndaa." Nilikuwa nimefanya kwa mamangu yale niliyowafanyia watunzi wengi katika darasa langu: nimemsanifisha. Tofauti ya sauti moja ni ndogo kwa mtu anayetafuta maana. Kwa anayemtafuta mtu, ndiyo tofauti yote. Katika sentensi ile moja mna ukarimu, mna ucha Mungu, mna ukaidi na mna mzaha. Sifa nne nilizozitawanya katika beti kumi na mbili alizikusanya mwenyewe katika maneno machache, bila ya kutaja hata moja.

Pingamizi

Msomaji anaweza kuleta pingamizi tatu, nazo ni za haki.

Ya kwanza ni kwamba haya ni mazungumzo tu, si fasihi. Katika miaka ya 1970 tulibishana sana kama utungo usio na vina na mizani ni shairi. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974 kiliwasha moto ambao bado una makaa. Mjadala ule ulikuwa na manufaa, lakini pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila ya kulitamka: kwamba fani ni kitu cha mtu anayeandika. Masimulizi ya ghorofani yana mwanzo unaotambulika, kilele kinachotambulika na mwisho, maana kila moja hufungwa kwa dua ya kumrehemu marehemu kabla ya mwingine kupokea. Yana kipimo cha kufaulu na cha kushindwa. Kitu chenye hayo yote kina fani.

Ya pili ni kwamba wanaomkumbuka marehemu humsema kwa mema tu, kwa hiyo ukumbusho wao hauna ukweli. Hapa ndipo inapoingia sitara. Dini inatufunza kutaja mema ya wafu, na wanawake wale wanalishika funzo hilo. Lakini sitara si uongo. Shoga yule alitaja waziwazi kwamba mamangu alikuwa mwepesi wa kununa, na kwamba waliwahi kukaa mwezi mzima bila ya kusemezana kwa sababu ya kitambaa cha leso. Taabini ya msikitini ingaliliondoa jambo hilo. Ghorofani lilibaki, likachekesha, likamfanya marehemu awe mtu. Linalositiriwa ni jingine: ni lile litakalomdhuru aliye hai. Daftari lile ninalo mimi sasa. Nililisoma kwa taabu, maana hati zile nilizisahau. Jina moja limepigwa mstari kila Shaabani kwa miaka kumi na mmoja mfululizo. Shoga wa mamangu alinisimulia habari zote za daftari isipokuwa hiyo. Nami siitaji zaidi ya hapa. Mhakiki wa utanzu huu lazima ajifunze kwamba mahali ambapo msimulizi ananyamaza pana maana, na kwamba si kila maana iliyopatikana ni ya kuchapishwa.

Ya tatu ni kwamba utanzu huu hauwezi kuchunguzwa kwa sababu umefungwa kwa wanaume. Umefungwa kweli, na ni haki ufungwe. Lakini haukufungwa kwa wanawake wasomi. Kielelezo tunacho. Margaret Strobel na Sarah Mirza walirekodi katika miaka ya 1970 maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wote wa Mombasa, na mwaka 1991 maneno yao yakachapishwa kwa Kiswahili katika Wanawake Watatu wa Kiswahili. Kitabu hicho kimesomwa zaidi kama historia. Mimi nakiomba kisomwe pia kama matini ya fasihi, kwa maana kinahifadhi kile hasa ambacho shoga wa mamangu alikikosa katika shairi langu: mwanamke mmoja, kwa neno lake, katika lahaja yake.

Tusisahau pia kwamba watunzi wetu wakubwa wanaume walisomea katika chumba hicho walipokuwa wadogo. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa, alilelewa katika ushairi na nyanyake, Amina Abubakar Sheikh. Tunapozisoma tungo za Nabhany tunamsoma mjukuu. Nyanya tunamtaja katika dibaji.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika fasihi ya Mvita kuna njia mbili za kumkumbuka mama. Moja ni ya kumsifu kwa maneno ya jumla, nayo ndiyo tuliyoizoea katika maandishi. Nyingine ni ya kulibeba neno lake na kulipokeza, nayo ina asili katika wasia, kama tulivyouona kwa Mwana Kupona, na ina makao katika matanga ya wanawake. Njia ya kwanza hutoka kwa walio hai kwenda kwa marehemu. Ya pili huanzia kwa marehemu, ikapita kwa shoga, kwa binti na kwa jirani, nao huivaa kama kidani. Ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo isiyoandikwa.

Mapendekezo yangu ni mawili. Kwanza, idara zetu ziwape wanafunzi wa kike kazi ya kukusanya masimulizi haya katika Kibokoni, Kuze, Mkanyageni na mitaa mingine ya kisiwa, kwa idhini ya wenyewe, kwa lahaja yao bila ya kuisanifisha, na kwa kuchunga sitara. Kazi hii haiwezi kungoja sana. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimebadilika matumizi, watoto wamehamia bara na ng'ambo, na kila shoga anayeondoka huondoka na ujana wa marehemu wote aliokuwa akiwajua. Pili, sisi tunaosomesha ushairi tuache kumpima mtunga marsia kwa vina na mizani tu. Tumwulize pia swali lile nililoulizwa mimi: huyu uliyemtaja, anayemjua atamtambua?

Shairi langu sikulichapisha. Nimejaribu kulitunga upya, na mpaka sasa nina ubeti mmoja, ambao ndani yake mna daftari, jiko na neno "ndaa". Nilimpelekea shoga wa mamangu. Aliusikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akanisahihisha mahali pawili.